Je, Wajua? Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka Malindi

Setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani ya Kenya. Ilikuwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, na Wamarekani walioitengeneza wakaiita Uhuru. Kiongozi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, jambo la nadra sana NASA wakati ule.

Kwa nini Malindi? Karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huondoka na kasi hiyo kama nyongeza ya bure. Tena, Waitaliano walikuwa na jukwaa lao la kurushia roketi baharini huko, San Marco, lililosimama juu ya miguu ya chuma.

Eksirei za nyota hazifiki ardhini, hewa huzimeza zote (na heri yetu!). Kabla ya Uhuru, wanasayansi walitegemea roketi zilizochungulia juu kwa dakika chache tu, kisha zikaanguka. Uhuru ilitazama anga kwa zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilimetameta ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, dalili kwamba kitu chenyewe ni kidogo mno. Leo tunajua ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.