Susan Aachwapo Nje: Wasomaji na Tamati ya Hekaya za Narnia

Mwisho wa hadithi ni mali ya nani, mtunzi au msomaji? Swali hili twakusudia kulidadisi kwa kutazama jinsi wasomaji walivyokipokea The Last Battle, kitabu cha mwisho cha hekaya za Narnia, alichokitoa C. S. Lewis huko Uingereza mwaka 1956.

Hekaya hizo ni vitabu saba, vilivyotoka kimoja kila mwaka tangu 1950. Katika kile cha kwanza, Peter, Susan, Edmund na Lucy, watoto wa nyumba moja, wanaingia Narnia kwa kupitia kabati la nguo, na huko wanatawazwa. Katika cha saba, nchi hiyo inaangamia. Mashujaa wanatambua kwamba wamekwisha kufa katika ajali ya gari la moshi, nao sasa wamo katika nchi iliyo bora zaidi. Wote wamo, ila Susan. Wenziwe wanaeleza kwa maneno machache kwamba Narnia ameiacha, na hajali tena ila soksi za nailoni, rangi ya midomo na mialiko ya karamu.

Kitabu kilitunukiwa Nishani ya Carnegie. Lakini manung'uniko juu ya Susan hayajakoma hata leo. Mwaka 1998 mwandishi Philip Pullman alidai kwamba binti huyo ameadhibiwa kwa kosa la kukua. Lewis mwenyewe, alipomjibu msomaji mtoto kwa barua mwaka 1957, alieleza kwamba Susan yu hai bado, na wakati wa kujirekebisha anao.

Je, manung'uniko hayo ni ya kitoto? Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alifundisha kwamba kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wa matarajio. Upeo huo hapa umejengwa na Lewis mwenyewe. Edmund aliwasaliti nduguze, akasamehewa. Eustace aligeuka joka, akarudishiwa utu wake. Hata katika kitabu hiki cha mwisho, Emeth, askari wa upande wa adui aliyemwabudu Tash maisha yake yote, anapokewa. Basi msomaji anapouliza kwa nini mgeni ameingia na dada amebaki nje, anamhukumu mtunzi kwa sheria ya mtunzi. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba hakuna mahali kitabuni palipotamkwa kuwa Susan amelaaniwa. Kimya hicho ndicho pengo ambalo kila msomaji hulijaza kwa hofu au kwa matumaini yake.

Katika ngano zetu, hadhira isiyoridhika humkatiza fanani papo hapo, na usiku mwingine hadithi yaweza kuishia kwingine. Kitabu kilichopigwa chapa hakikatizwi. Msomaji wake hana budi kuwa fanani yeye mwenyewe, kama alivyofanya Neil Gaiman mwaka 2004 alipotunga hadithi fupi, "The Problem of Susan", juu ya mwanamke mzee aliyewahi kufiwa na nduguze katika ajali ya gari la moshi.

Kwa hiyo, mhakiki asiyapuuze malalamiko ya wasomaji. Mara nyingi hayo ndiyo ushahidi kwamba waliisoma kazi kwa makini, wakayasadiki yale iliyowafundisha.