Utangulizi: Kuchora Ramani kwa Kuandika Amri

Viwanja vya Kariakoo, Dar es Salaam, vilikatwa vidogo, kwa ajili ya nyumba za chini zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Leo juu ya viwanja hivyohivyo yamesimama maghorofa, na katika Mtaa wa Kongo au Narung'ombe ukuta wa huyu karibu unagusa ukuta wa yule. Sentimita 10 zikizidi, tayari ni ugomvi wa jirani na jirani. Anayechora ramani ya jengo la mahali kama hapo hawezi kukadiria mpaka kwa jicho, akasogeza kipanya mpaka mstari "ukae vizuri". Inambidi aandike namba. Ndiyo sababu kitabu hiki kinakuanzisha na kibodi.

Nitatumia AutoCAD, programu ya kuchorea iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982, kwa kuwa ndiyo utakayoikuta katika ofisi nyingi. Chini ya skrini yake kuna mstari mwembamba ambao wanafunzi huupuuza, na hapo ndipo programu inaposema. Andika L, bonyeza Enta: inauliza mstari uanzie wapi. Jibu 0,0. Inauliza uende wapi. Jibu @10000,0, na mstari unakwenda kulia vipimo 10,000. Alama ya @ inaiambia ihesabu kutoka pale ulipoishia. Endelea na @0,20000, kisha @-10000,0, halafu C. Umbo limefunga. Ukihesabu kwa milimita, umepata kiwanja cha mita 10 kwa 20 na kipanya hujakigusa.

Sasa iangalie C hiyo. Ungeiandika kabla ya kuanza amri yoyote, ungeletewa duara. Ndani ya amri ya mstari, herufi ileile imefunga umbo. Maana ya jibu inategemea swali lililokuwa mezani, na anayejibu bila kusoma swali hupata asichokitaka huku programu ikiwa haina kosa lolote. Kwa miaka niliyofundisha sijaona jambo linalomtenganisha mchoraji mzuri na wa kubahatisha kama hili. Kukariri vifupisho mia hakusaidii sana. Na vifupisho vyenyewe si amri ya Musa: vimo katika faili la maandishi liitwalo acad.pgp, nawe ukiongeza humo mstari wa DUARA,*CIRCLE na kulipakia upya, utaandika DUARA na duara litakuja.

Namba ndizo zenye mitego. Sisi tumezoea kuandika elfu tatu na arobaini na nane hivi: 3,048. Programu husoma alama hiyo ya mkato kama mpaka kati ya namba mbili, kwa hiyo @3,048 itakupeleka vipimo 3 kulia na 48 juu. Tena haijui kipimo chako ni kipi. Fundi wa Dar es Salaam atakutajia kwa pumzi moja tofali la inchi 6, nondo ya milimita 12 na chumba cha futi 10 kwa 10, na wote mtaelewana. Ukiandika 10, kompyuta inachora 10 tu. Chagua milimita tangu mwanzo, na futi 10 uiandike 3048.

Mtego mkubwa zaidi unatoka kwa mpima ardhi. Yeye huhesabu pembe kuanzia kaskazini, akizunguka kama mshale wa saa. AutoCAD, usipoielekeza vingine, huanzia mashariki na kuzunguka kinyume cha saa. Mpaka wa mita 25 wenye uelekeo wa nyuzi 60 ukiuingiza kama @25000<60, mstari utalala kwenye uelekeo wa nyuzi 30. Urefu ni sahihi, kiwanja kimekwenda kwa jirani. Amri ya UNITS inakuruhusu kuhamisha mwanzo wa pembe na kugeuza mzunguko. Fanya hivyo kabla ya kuingiza namba ya kwanza ya upimaji. Kumbuka pia kwamba faili la mpima liko katika mita: likiingia kwenye mchoro wako wa milimita bila kuzidishwa mara 1000, kiwanja kizima kitaonekana kidogo kuliko tofali.

Kuna watakaouliza kama haya yote yanamfanya mtu kuwa mbunifu. Hayamfanyi. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya mbunifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa kabla programu hii haijakuwapo, na paa lake ni mwavuli wa zege uliorudiwarudiwa. Leo ungechora mwavuli mmoja, ukaandika ARRAY, ukataja safu na umbali. Kazi ya mkono ingepungua sana, lakini wazo la kurudia umbo moja mpaka liwe soko ni la Amuli, na hakuna swali la programu lililoweza kulitoa.

Anza na sura ya kwanza ukiwa na kompyuta mbele yako. Utachora upya kile kiwanja cha 10 kwa 20, safari hii pembe zake zikiwa hazikai mraba, maana vya Kariakoo vingi havikai.