Unalala na Mito Mingapi?

Mgonjwa akilazwa wodi ya magonjwa ya ndani katika hospitali ya kufundishia, historia yake huulizwa na daktari tarajali, kisha na rezidenti anayesomea ubingwa, kisha tena mbele ya bingwa asubuhi ya raundi. Ndugu huchukia. "Dokta, si tumeshamweleza mwenzako?" Nafundisha marezidenti hapa Dar es Salaam, na swali hilo silikosi. Linastahili jibu.

Fani yetu haina kisu. Wagonjwa wetu huja na homa, uchovu, miguu iliyovimba, pumzi isiyotosha, na chanzo kimejificha. Chukua mama mwenye miguu iliyovimba. Huenda ni moyo, figo au ini. Rezidenti anamuuliza, "Mama, usiku unalala na mito mingapi?" Ndugu hutazamana. Lakini moyo ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji hujaa mapafuni mtu akilala chali, basi mgonjwa huongeza mto wa pili, wa tatu, mwishowe analala ameketi. Mkojo una povu? Huenda figo zinavujisha protini. Umejifungua lini? Upo ugonjwa wa moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua, na uchovu wake hudhaniwa ni wa kulea mtoto.

Saa tano usiku, akihema, mama hujibu nusu nusu. Asubuhi, baada ya oksijeni na dawa ya kupunguza maji mwilini, anakumbuka mengine. Ndiyo maana tunarudia. Namtaka rezidenti aje kwenye raundi akiwa na hadithi kamili, awe ametazama mshipa wa shingo umejaa hadi wapi na kuubonyeza mguu kwa kidole, kabla hajanionyesha karatasi ya maabara.

Njia ya kufika hapo ni ndefu: miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, kisha miaka 3 ya shahada ya uzamili, ambayo wengi huianza baada ya kufanya kazi wilayani au mikoani. Huzungushwa kwenye moyo, figo, kisukari, damu, kifua, wagonjwa mahututi, na huandika tasnifu.

Kinachowakomaza hasa ni zamu ya usiku. Analetwa kijana anayeishi na VVU, kichwa kinamuuma wiki ya pili sasa. Huenda ni fangasi kwenye utando wa ubongo, na lazima achomwe sindano mgongoni ili maji ya uti wa mgongo yapimwe. Shangazi anakataa kabisa: jirani yao aliyechomwa sindano hiyo hakuamka. Hofu yake naielewa, kwa sababu wanaofanyiwa kipimo hicho huwa tayari wako hoi. Rezidenti inabidi aketi naye kwenye benchi, amweleze kwamba sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na kwamba kutoa maji hayo hupunguza shinikizo na mara nyingi hutuliza kichwa. Anayejua kuchoma sindano lakini hajui kuzungumza na shangazi, kwangu mimi hajahitimu.

Na hili linaniuma. Mafunzo ya namna hii yalishika mizizi Marekani katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, chini ya daktari William Osler, na leo huko rezidenti ni mwajiriwa anayelipwa mshahara. Kwetu wapo wanaojilipia ada, wana watoto shuleni, na bado ndio wanaoibeba wodi usiku. Wengine hufanya zamu za ziada kwenye zahanati binafsi wapate ada ya muhula unaofuata, kisha asubuhi wako kwenye raundi. Ningependa serikali itenge fedha za kuwalipa hawa kabla ya kununua mashine nyingine yoyote ya kupiga picha.