Geji ya kuongeza si urembo

Wiki hii tuzungumzie kitu kidogo ambacho madereva wengi hukiona kuwa ni pambo la dashibodi: geji za kuongeza, yaani zile za mviringo zenye mshale, zinazoonyesha joto la maji, presha ya oili na nguvu ya betri.

Kwa nini mtu anunue geji ilhali gari limekuja na taa zake? Jibu ni kwamba taa huchelewa. Katika magari mengi taa nyekundu ya oili huwaka pale tu presha inapokuwa imekaribia sifuri. Hapo injini imeshaanza kujitafuna. Aidha, magari madogo mengi yanayotoka Japani hayana mshale wa joto, yana taa tu. Dereva wa teksi aliyekwama kwenye foleni mchana wa jua kali anataka aone joto likipanda, azime kiyoyozi na kuegesha mapema, kabla gasketi ya silinda hedi haijaungua.

Hata hivyo, geji iliyofungwa ovyo ni balaa jingine. Kwanza, fundi afungue waya hasi wa betri. Geji ya umeme kwa kawaida ina waya nne. Wa kwanza hufungwa kwenye chuma cha bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Wa pili ni wa moto, nao huchukuliwa upande unaopata umeme ufunguo unapowashwa. Ukipelekwa moja kwa moja kwenye betri, geji itanyonya chaji usiku kucha. Wa tatu huenda kwenye sensa iliyoko kwenye injini. Wa nne huungwa na taa ndogo, ili geji isomeke usiku.

Waya wa moto lazima uwe na fyuzi ndogo, karibu na pale unapochukulia umeme. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa chuma hupiga shoti, ukawaka nyuma ya dashibodi msikoona. Ndiyo maana waya zinazopita kwenye tundu la ukuta wa injini huvalishwa mpira.

Sensa nayo iwe ile iliyokuja na geji yake, la sivyo mshale utasema uongo. Nyingi hupata hasi kupitia nyuzi zake, hivyo tepu nyingi ya kuzuia uvujaji huweza kuharibu usomaji.

Kazi ikiisha, washeni injini. Geji ya betri kwa kawaida isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Joto la maji likitulia kati ya nyuzi 80 na 100, hiyo ni hali ya kawaida kwa magari mengi. Lakini kumbukeni: maji yakivuja yote, sensa hubaki hewani na mshale waweza kushuka huku injini ikiungua. Kwa hiyo kukagua maji kila asubuhi kuko palepale.

Na kabla ya kumlipa fundi, mwambieni jambo moja tu: awaonyeshe fyuzi iko wapi.