Fomu Iliyofungwa Haijibu

Leo tutazungumza juu ya kosa dogo la kompyuta ambalo laweza kumnyima mkulima haki yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali shika chaki, maana iko mistari miwili ya kuandika ubaoni.

Wengi wenu ni wanachama wa vyama vya ushirika. Zamani karani aliandika mapokezi ya mazao katika daftari kwa kalamu. Siku hizi makarani wengine hutumia hifadhidata, yaani daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Programu moja ya kazi hiyo ni Microsoft Access, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1992. Ndani yake mna vitu vitatu vya kukumbuka. Kwanza ni jedwali, ambamo habari huwekwa. Pili ni fomu, yaani ukurasa unaoonekana kwenye kioo wenye visanduku vya kujaza. Tatu ni ulizo, yaani agizo la kutafuta habari katika jedwali.

Tuseme mwanachama namba 214 amekuja kutaka hesabu ya pamba yake. Karani hufungua fomu iitwayo Malipo, huandika 214 katika kisanduku kiitwacho Namba, kisha hufungua ulizo linalotoa orodha ya mizigo. Ulizo hilo limepewa anwani ya kufuata ili liipate namba ile. Mwalimu, andika:

[Forms]![Malipo]![Namba]

Maana yake ni hii: nenda kwenye fomu zilizo wazi, ingia katika fomu ya Malipo, ukasome kilichoandikwa katika kisanduku cha Namba. Ni kama kumtuma mtoto: "Nenda mtaa ule, ingia nyumba ya bibi yako, ukamwulize bei ya mkeka." Mtoto akikuta mlango umefungwa, atarudi kukuuliza wewe.

Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Isipoiona anwani, hutoa kidirisha chenye maneno ya Kiingereza, Enter Parameter Value, yaani "andika thamani inayotakiwa". Hapo ndipo penye hatari. Karani mwenye haraka ataandika namba ili kazi iendelee. Akikosea akaandika 241 badala ya 214, orodha itatoka vizuri kabisa, lakini ni hesabu ya mtu mwingine. Akiacha patupu, orodha itatoka bila mstari hata mmoja, naye mkulima ataambiwa hakuleta pamba. Kumbe habari zake zimo katika jedwali, salama.

Kwa hiyo, kidirisha hicho kikitokea bila kutazamiwa, usikijaze. Bonyeza Cancel, yaani acha, kisha tafuta sababu. Sababu za kawaida ni tatu.

Ya kwanza, fomu imefungwa. Pengine karani ameifunga mapema, au amefungua ulizo bila kufungua fomu kwanza. Fomu ikifichwa nyuma ya nyingine, si kitu. Lakini ikifungwa, haijibu.

Ya pili, jina limekosewa. Herufi kubwa au ndogo hazidhuru, lakini herufi ikizidi au ikipungua ni kosa. Tena, jina la kisanduku si lazima liwe lile linaloonekana kando yake. Kwenye kioo waweza kuona "Namba ya Mwanachama", kumbe kisanduku chenyewe kinaitwa Text5. Jina la kweli hutazamwa katika orodha ya sifa za kisanduku, penye neno Name. Na jina lenye nafasi katikati lazima lifungwe kwa mabano ya mraba.

Ya tatu, kisanduku kimo katika fomu ndogo iliyowekwa ndani ya fomu kubwa. Fomu ndogo ya namna hii haihesabiwi miongoni mwa fomu zilizo wazi. Ni chumba ndani ya nyumba, nawe huwezi kuingia chumbani kabla ya kupita mlango wa nyumba. Mwalimu, andika:

[Forms]![Malipo]![Mizigo].[Form]![Uzito]

Hapa Mizigo ni jina la fremu inayoishika fomu ndogo. Jina hilo laweza kuwa tofauti na jina la fomu ndogo yenyewe, na watu wengi hukwama hapo.

Iko pia hitilafu isiyotoa kidirisha cho chote. Karani huandika namba mpya, lakini hatoki katika kisanduku. Mpaka ahamie kisanduku kingine, kompyuta husoma namba ya zamani. Tena ulizo lililokwisha funguliwa halibadiliki lenyewe. Hapana budi kuliendesha upya kwa kubonyeza Shift na F9 pamoja.

Je, utajuaje kosa liko wapi? Fungua fomu, kisha bonyeza Ctrl na G pamoja. Katika dirisha la kujaribia litakalotokea, andika alama ya kuuliza, kisha anwani ile ile, ubonyeze Enter. Ukijibiwa 214, anwani ni sahihi. Ukijibiwa Null, kisanduku ni kitupu. Likitajwa kosa 2450, fomu haikuonekana: imefungwa, au jina lake limekosewa. Likitajwa kosa 2465, fomu imeonekana, lakini kisanduku hakikuonekana.

Ndugu wasikilizaji, huenda wengine wenu hamtaigusa kamwe kompyuta ya chama. Lakini stakabadhi mnazo, na sasa mnaweza kuzisoma. Ukiambiwa, "Mzee, hesabu yako haimo," usiondoke. Toa stakabadhi, useme kwa heshima: "Bwana karani, tafadhali tazama kama fomu i wazi, na kama namba iliyoandikwa ni yangu." Maneno hayo machache yaweza kuokoa jasho la msimu mzima.

Zoezi la darasani:
1. Kwa nini kompyuta huuliza namba ambayo karani amekwisha kuiandika?
2. Kuna hatari gani kuandika namba kwa haraka katika kidirisha hicho?
3. Soma namba iliyo katika stakabadhi yako, kisha uiandike ubaoni.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.