Friji Kibandani, Inverta na Deni: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa Depoziti

Soda baridi huisha haraka kuliko soda ya moto. Mala iliyokaa kwa baridi hufika kesho ikiwa bado nzuri, na iliyokaa nje huisha kwa kumwagwa. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi wa Daraja Mbili, na wengine huko Keroka, Suneka na Nyamira, wakishapata nafasi kidogo hufikiria friji kwanza. Na kwa sababu stima hupotea, baada ya friji hufikiria inverta na betri.

Siku hizi vitu hivi vinapatikana kwa mkopo. Unalipa depoziti, halafu unamalizia kidogo kidogo kila siku kwa simu. Ni njia nzuri, lakini ina mtego mmoja: ukinunua inverta isiyotosha, friji inakufia usiku na mali inaharibika, na kesho asubuhi malipo ya siku bado yanakungoja. Hapo unalipia friji na maziwa uliyomwaga, yote kwa siku moja.

Kwa hivyo leo tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu, na kila mahali tulipoweka namba ya mfano, weka yako.

Namba ya kwanza: friji yako inakula uniti ngapi?

Nyuma ya friji kuna kibandiko kilichoandikwa wati. Tuchukue friji ndogo ya wati 90. Muuzaji atakwambia, "Hii haili stima." Ukweli ni kwamba kompresa haifanyi kazi saa zote. Inawaka, inapoza, inazima, halafu inawaka tena joto likipanda. Tuseme kwa siku nzima inafanya kazi jumla ya saa 10. Wati 90 kwa saa 10 ni wati-saa 900. Uniti moja ya tokeni ni wati-saa 1,000, kwa hivyo friji hii inakula uniti 0.9 kwa siku, au 27 kwa mwezi.

Usikubali namba ya muuzaji wala yetu. Pima mwenyewe. Jioni moja, zima vitu vingine vyote kwenye mita, acha friji peke yake, uandike uniti zilizobaki. Asubuhi soma tena kabla ya kuwasha kitu chochote. Ukifanya hivyo usiku mbili tatu, utapata picha ya friji yako yenyewe. Kumbuka tu kwamba mchana, mlango ukifunguliwa kila dakika, itakula zaidi ya usiku.

Kama friji iko kwenye mita ya nyumbani, angalia jambo lingine. Katika mpangilio wa bei za stima ulioanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa kwa matumizi yao: hadi uniti 30 kwa mwezi, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Kila kundi lina bei yake kwa uniti, na wa chini ndio wanaolipa bei nafuu. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 20, ikiongeza friji ya uniti 27, inafika 47. Imehama kundi. Sasa hata zile uniti 20 za taa na televisheni zinanunuliwa kwa bei ya juu. Watu wengi hulaumu tokeni kwamba "zinakimbia", kumbe ni friji iliyowasogeza.

Namba ya pili: unanunua inverta ya stima kupotea, au ya siku nzima?

Hapa ndipo wengi hushikwa. Kuna mfumo wa kukuvusha saa chache stima ikipotea, na kuna mfumo wa kuendesha friji kwa sola bila stima kabisa. Dukani vinaweza kufanana, lakini bei zake hazikaribiani.

Inverta yenyewe hula. Kila unapobadilisha umeme wa betri kuwa wa kawaida, kama asilimia 15 hivi inaweza kupotea njiani. Pia inverta ikiwa imewashwa tu, hata friji ikiwa imelala, inaweza kutumia wati 10 au zaidi. Wati 10 kwa saa 24 ni wati-saa 240, karibu robo uniti iliyoenda bure. Kwa hivyo friji yetu ya uniti 0.9, ikipitia inverta, inahitaji karibu uniti 1.3 kwa siku. Kwa wastani ni wati 54 kila saa kutoka kwenye betri.

Sasa tazama betri. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini usipite nusu yake. Ukiizoesha kuisha kabisa, itakufa mapema. Inabaki 600. Gawanya kwa 54, unapata kama saa 11. Kwa stima iliyopotea jioni na kurudi alfajiri, betri moja nzuri inatosha. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo unaweza kuitumia zaidi ya nusu, na ndiyo maana bei yake iko juu.

Kwa siku nzima bila stima, hesabu inabadilika. Unahitaji betri mbili au tatu za aina hiyo ya asidi, na paneli za kurudisha uniti 1.3 kila siku. Gusii ni nchi ya mvua, na mawingu ya alasiri mnayajua. Ukihesabu saa nne za jua la maana, na robo ya nguvu ipotee njiani, unahitaji paneli za zaidi ya wati 400. Mtu akikuuzia paneli moja ya wati 100 na kukwambia itaendesha friji usiku na mchana, mwambie akuandikie hesabu kwenye karatasi.

Inverta kubwa kiasi gani?

Kompresa ikianza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa ya ile iliyoandikwa, kwa muda mfupi sana. Friji ya wati 90 inaweza kuomba wati 500 au zaidi kwa sekunde moja. Inverta ya wati 300 itapiga kelele na kujizima, au friji itanguruma bila kuwaka. Kwa friji ya kawaida, uliza inverta ya wati 800 hadi 1,000, na iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi zenye wimbi lisilo safi huchemsha mota ya kompresa na kuifupishia maisha. Friji mpya ambazo kompresa yake huanza polepole huvuta kidogo zaidi, na zinaweza kukuokolea pesa kwenye inverta.

Waya kati ya betri na inverta uwe mnene na mfupi, na uwe na fyuzi karibu na betri. Wati 500 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 40. Waya mwembamba utapata moto. Kwa kazi ya sola, mwombe fundi namba ya leseni yake. EPRA hutoa leseni kwa mafundi wa sola, na fundi halali hatakasirika ukimuuliza.

Betri ya bei rahisi kuliko zote ni barafu

Kabla hujakopa, jaribu hii. Jaza maji kwenye chupa nne za lita moja, acha nafasi kidogo juu kwa sababu maji yakiganda hupanuka, uziweke sehemu ya kugandishia wakati stima ipo. Lita moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto la wati-saa 93 hivi. Chupa nne ni zaidi ya 370. Stima ikipotea na mlango ukikaa umefungwa, mala na soda zitapata saa kadhaa za ziada bila inverta yoyote.

Barafu hii haitoshi kwa samaki au nyama iliyogandishwa, na haisaidii mlango ukifunguliwa kila mara. Lakini kwa anayeuza mala na soda, mahali ambapo stima hukatika saa mbili tatu, huenda chupa nne za maji zikakuokolea mkopo mzima.

Na stima ikirudi, usiwashe friji mara moja. Ngoja dakika tano ndipo uwashe, ili mgandamizo ndani ya kompresa utulie. Kifaa cha kulinda friji hufanya kazi hiyo chenyewe, na pia hukata stima ikija kwa nguvu kupita kiasi.

Na kama friji iko ndani ya gari?

Kuna wanaozunguka masoko na gari: leo Daraja Mbili, kesho Keroka, kesho kutwa Nyamira. Friji ya nyumbani inaweza kufanya kazi humo, kwa masharti. Usiiunganishe na betri ya kuwashia gari. Betri ya ampea-saa 60 itafika nusu kabla ya saa saba kuisha, na betri hizo hazikutengenezwa kuvutwa taratibu namna hiyo. Asubuhi utasukuma gari. Weka betri ya pili ya kazi hiyo, yenye kifaa cha kuitenganisha na ya kwanza injini ikizimwa. Friji isimame wima, ifungwe kwa mikanda, na ipate hewa nyuma. Na jenereta isiwashwe ndani ya gari hata siku moja, moshi wake huua.

Namba ya tatu: friji inajilipa?

Tuchukue mfano. Baridi imekuongezea mauzo, na kila pakiti inakuachia faida ya shilingi 10. Siku ya soko unauza pakiti 40 za ziada: shilingi 400. Siku ya kawaida ni 12: shilingi 120. Malipo ya mkopo ni shilingi 200 kwa siku, na stima tuseme shilingi 27.

Ukiangalia siku ya soko, unafurahi: 400 imeingia, 227 imetoka. Lakini hesabu wiki nzima, ikiwa na siku mbili za soko na tano za kawaida. Siku mbili ni 800, siku tano ni 600. Jumla 1,400. Mkopo wa siku saba ni 1,400 hiyo hiyo, na stima ni 189. Friji imefanya kazi wiki nzima na wewe umeongeza 189 kutoka mfukoni.

Sasa mkopo ule ule ukiwa wa shilingi 150 kwa siku: wiki ni 1,050, na stima 189. Unabaki na 161. Si nyingi, lakini friji inajibeba. Ila uliza swali la pili: jumla yote ni ngapi? Shilingi 200 kwa siku 150 ni 30,000. Shilingi 150 kwa siku 220 ni 33,000. Hiyo 3,000 ndiyo bei ya kupumua. Ukiijua kabla, uamuzi ni wako.

Kabla ya kubonyeza PIN

Uliza haya, na majibu yawe kwa maandishi:

- Jumla nitakayolipa ni ngapi, pamoja na depoziti?
- Nikikosa siku moja, kifaa kinajifunga? Baada ya siku ngapi? Friji ikijifunga na mala ikiwa ndani, hasara ni yako.
- Betri ina waranti ya muda gani, na nani anakuja kuitengeneza?
- Nikilipa mapema, bei inapungua?

Lipa kwa namba ya biashara ya kampuni, si kwa simu ya ajenti. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na kama si la kampuni unayoijua, simamisha. Ujumbe wa kila malipo usiufute, ndio risiti yako. Na kila siku ya soko, toa malipo ya siku za kawaida uyaweke kando kwenye akiba ya simu. Katika mfano wetu wa shilingi 150, siku ya kawaida inapungukiwa shilingi 57. Siku tano ni 285. Ukizitenga Jumatatu yenye mauzo mazuri, Jumatano ya mvua haitakukopesha tena.