Kalanga moja inaweza kukata pumzi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama: kama kalanga zinakuvimbisha midomo na kukukata pumzi, nawe unasafiri Hispania, usinyamaze mezani. Mwanaume aseme: «Soy alérgico al cacahuete». Mwanamke aseme: «Soy alérgica». Kalanga ni hiyo «cacahuete».

Kama maziwa yanakusumbua tumbo tu, sema: «Me sienta mal la leche», maana yake, maziwa hayanipatani. Mayai ni mengi, basi neno linageuka: «Me sientan mal los huevos».

Usichanganye maneno hayo. La kwanza ni hatari ya kufa; la pili ni taabu ya tumbo.

Kabla ya kula uliza: «¿Lleva cacahuete?», kuna kalanga ndani? Wakijibu «sí», acha sahani hiyo. Afadhali njaa ya saa moja.